Namba ya Babu, Dole Gumba la Bibi

Haya ndugu msomaji, leo tuongee habari ya majina na namba. Ni hadithi ndefu kidogo, kwa hiyo kama uko ofisini na bosi anapitapita nyuma yako, bora uisome jioni.

Desemba 2019 nilikwenda Korogwe kumsalimia bibi. Kama unaukumbuka mwezi ule, nchi nzima ilikuwa kwenye foleni. Usajili wa laini za simu kwa alama za vidole ulianza tarehe 1 Mei mwaka ule, mwisho ukapangwa kuwa Desemba 31, na sisi Watanzania kama kawaida yetu tukasubiri wiki za mwisho. (Baadaye Rais Magufuli aliongeza siku 20, hadi Januari 20, 2020.) Nikamsindikiza bibi sokoni. Kijana wa kusajili alikuwa amekaa chini ya mwavuli, mbele yake simu moja na kimashine kidogo chenye kioo.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu."

"Weka dole gumba hapa."

Bibi akaweka. Kimashine kikakataa. Akafuta kidole kwenye khanga, akaweka tena. Kikakataa. Kijana, ambaye kwa kweli alikuwa na adabu na uvumilivu, akajaribu vidole vyote kumi, akampa kitambaa chenye maji, mama mmoja kwenye foleni akatoa mafuta ya kupaka, mwingine akashauri limao. Kila mtu akawa mtaalamu. Mwisho kijana akavigeuza viganja vya bibi kwenye mwanga wa jua na kusema, kwa sauti ya chini kana kwamba anampa taarifa ya msiba: "Bibi, vidole vyako havina mistari."

Bibi akacheka. "Mistari imeliwa na jembe, mwanangu."

Si jembe peke yake. Bibi aliwahi kufanya kazi korona. Msishtuke! Kwa watu wa mkonge, miaka mingi kabla ya 2020, korona ni kiwanda cha kusaga majani ya mkonge kutoa nyuzi. Ukianika na kukung'uta zile nyuzi misimu kadhaa, halafu ukalima mahindi na mihogo miaka hamsini, ngozi ya vidole inakuwa laini kama kokoto la mtoni.

Nikiwa nimesimama pale juani nikakumbuka kopo la biskuti la babu. Babu alikwisha kufariki, lakini kopo lake lipo. Ndani kuna risiti za kodi ya kichwa, picha moja ya studio, na kipande.

Babu hakuzaliwa Tanga. Alikuja kutoka Kasulu miaka ya 1950, pamoja na vijana wenzake wa Kiha, kukata mkonge. Enzi hizo hakuna nchi iliyozalisha mkonge kama Tanganyika. Mwaka 1964 zilitoka takriban tani 230,000, na hatujawahi kufika huko tena. Watu wa jirani na mashamba hawakuitaka sana kazi ile, na ukiwauliza wazee kazi yenyewe ilikuwaje utaelewa kwa nini. Kwa hiyo wenye mashamba wakawa na shirika lao la kutafuta vibarua, SILABU, lililoundwa mwaka 1944, lililokuwa likiwaleta watu kutoka Kigoma, Njombe, Songea, hata Msumbiji na Ruanda-Urundi. Kila aliyeletwa alipewa namba. Ndiyo maana wakaitwa manamba. Nimelitumia neno hilo tangu utotoni, tena kwa dharau ("usinifanye manamba!"), bila kufikiri kwamba ndani yake kuna namba.

Kipande chenyewe ni karatasi ngumu yenye vyumba 30. Ukimaliza kazi ya siku, chumba kimoja kinatiwa alama. Vikijaa vyote 30 ndipo unalipwa. Siku uliyougua haipo kwenye karatasi, na isiyokuwepo kwenye karatasi haikuwepo duniani. Juu kuna namba, chini yake jina. Na hapa ndipo ilipo siri ya familia yetu: jina lile si la babu. Jina lake la Kiha lilianza na konsonanti tatu zilizosongamana, na karani wa shamba, ambaye nadhani alikuwa mtu wa pwani, alilikata kichwa na kuliongezea irabu mwishoni. Babu hakujua kusoma. Aliitwa hivyo wakati wa posho, wakati wa mshahara, wakati wa kodi. Baba yangu akaandikishwa shule kwa jina hilo, mimi nikazaliwa nalo, na ndilo lililoko kwenye kitambulisho changu cha taifa. Jina langu la ukoo ni kosa la tahajia la karani.

Kwa jirani zetu Kenya neno hilohilo, kipande, lilibeba uchungu zaidi. Kuanzia kama mwaka 1920 mwanamume Mwafrika alilazimishwa kubeba kipande chenye alama za vidole vyake, akiwa amekitia ndani ya kikasha cha chuma kinachoning'inia shingoni. Alama zile zilitunzwa pia kwenye rejesta Nairobi, ili kibarua akitoroka shamba la mzungu atafutwe na kurudishwa. Harry Thuku alipokamatwa Machi 1922, kipande kilikuwa moja ya mambo aliyokuwa akiyapinga, na watu waliokusanyika Nairobi kudai aachiliwe walipigwa risasi. Nayasema haya kwa sababu tunapenda kudhani kwamba alama za vidole na namba kwa kila mtu ni mambo ya teknolojia mpya. Yalikuwepo yote. Kilichokosekana ni mashine ya kuyatafuta haraka.

Mashine nayo ikaja. Kompyuta ya kwanza Tanzania ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, aina ya ICT 1500, kutoka Uingereza. Haikuja kwa ajili yako wala yangu. Ilikuja kwa ajili ya hesabu za serikali. Baadaye ikaletwa kubwa zaidi, na mambo yakaharibika. Waliojua kuiendesha walikuwa wageni wa mikataba, wenyeji waliofundishwa hawakutosha, hesabu zikavurugika, na Hazina ikarudi kwenye mashine za zamani. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Televisheni nazo zikawekwa kwenye kapu hilohilo, na hadithi ya Bara kukaa bila televisheni hadi 1994 huku Wazanzibari wakiangalia ya rangi mnaijua.

Vijana wa rika langu tukisikia habari ya marufuku ile tunacheka. Mimi nilicheka pia, mpaka nilipoanza kusoma. Ilikuwa ni wakati wa bei ya mafuta kupaa na ukame mkali, fedha za kigeni hakuna, na serikali ilikuwa imekwisha kuunguzwa mara moja na mashine isiyoielewa. Kukataa kitu usichokidhibiti si ujinga. Ujinga, kwa maoni yangu, ulikuwa kudhani kwamba ukikizuia bandarini hutahitaji kuwafundisha watu wako namna ya kukidhibiti. Miaka ya 1980 marufuku ikalegea polepole, waliohitaji kompyuta wakaomba vibali, na kompyuta zilipofurika baadaye tulikuwa wanunuzi tu.

Lakini ngoja nikuulize: katika miaka yote hiyo bila kompyuta, nani alijua wewe ni nani? Jibu: mjumbe wa nyumba kumi. Mfumo huo wa TANU wa miaka ya 1960 ulimfanya mtu mmoja awe kumbukumbu ya kaya kumi. Unataka kwenda hospitali ya wilaya, kumwandikisha mtoto shule, kumdhamini ndugu polisi? Nenda kwa mjumbe akuandikie barua. Mjumbe hakuhitaji dole gumba lako. Alikujua kwa sura, kwa mama yako, kwa deni lako dukani. Alijua pia mgeni aliyelala kwako jana, na hilo si kila mtu alilipenda! Sitaki kuupamba ule wakati. Mjumbe aliweza kukunyima barua kwa sababu mmegombana juu ya mpaka wa shamba. Ila aliweza vilevile kumtazama bibi kizee asiyejua alizaliwa lini na kusema, huyu ni fulani, namfahamu, basi yakaisha.

Intaneti iliingia katikati ya miaka ya 1990. Kabla yake walikuwepo wachache waliotumiana barua pepe, kama madaktari wa Muhimbili kupitia mtandao wa HealthNet, kisha mwaka 1996 makampuni kama CyberTwiga yakaanza kuuza huduma kwa watu wa kawaida wenye fedha zisizo za kawaida. Sisi wengine tulisubiri intaneti kafe. Hapo ndipo nilipoingia mimi, mwaka 2006, Sinza, nikiwa na miaka 12, shilingi 500 mkononi na kaka yangu ananiharakisha.

Unazikumbuka kafe zile? Feni moja kwa mashine nane. Kibao cha herufi ambacho herufi A imefutika. Vocha yenye namba unayoikwangua, na saa inayohesabu kurudi nyuma kwenye kona ya kioo kama bomu. Nyaya za baharini zilikuwa bado (wa SEACOM ulifika Dar mwaka 2009), kila kitu kilipitia setilaiti, kwa hiyo ulifungua ukurasa mmoja, ukatoka kununua mihogo ya kukaanga, ukarudi ukakuta picha imefika kiunoni. Wakubwa walituita watoto wa dot com, wakimaanisha hatuna adabu. Na neno lenyewe mtandao mwaka uliotangulia lilikuwa la siasa: wanamtandao walikuwa kundi la waliomuunga mkono Kikwete ndani ya CCM. Mjomba wangu alipowasikia watoto wakisema wanakwenda kwenye mtandao alidhani wamejiunga na chama.

Siku ile kaka alinifungulia anwani ya Yahoo. Mashine ikaniuliza tarehe ya kuzaliwa. Umri wangu haukukubalika, kwa hiyo nikaandika Januari 1, 1980, nikawa mkubwa kuliko kaka aliyekuwa amesimama nyuma yangu. Mashine haikubisha. Ikaniuliza jina. Nikafikiri kidogo, halafu nikaandika jina la babu, lile lenyewe, na konsonanti zake tatu mbele.

Sijui kwa nini. Nilikuwa nimesimuliwa kisa cha karani wiki chache nyuma, labda ni hilo. Lakini kwa miaka minne iliyofuata, ndani ya Yahoo Messenger, mimi msichana wa Sinza nilikuwa kijana wa miaka 26, Mtanzania anayesoma Toronto, mwenye jina la Kiha. Kila aliyekupata alikuuliza mambo matatu kwanza: umri, jinsia, uko wapi. Jibu la pili ndilo lililoamua jinsi utakavyotendewa. Nilijaribu siku moja kuwa msichana, na ndani ya dakika tano nilikuwa nimeulizwa kama nina mchumba, nimevaa nini, na kama naweza kutuma picha. Nikarudi Toronto. Huko nilibishana na watu wazima kuhusu Zidane na kile kichwa cha fainali ya Berlin, kuhusu Richmond na mgawo wa umeme, kuhusu kama Kiswahili kinaweza kufundishia chuo kikuu, na walinijibu hoja zangu. Mara ya kwanza maishani mwangu mtu mzima kuniambia "hapo umenishinda, kaka" nilikuwa na miaka 13. Nadhani uandishi wangu ulizaliwa siku ile, chini ya feni ile.

Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba kujificha jina ni kwa matapeli tu, simwamini. Matapeli walikuwepo, na wengi. Lakini tulikuwepo pia sisi ambao jina letu halisi lilikuwa linatufunga mdomo.

Suala la lugha lilikwenda pamoja na hilo. Kioo kilizungumza Kiingereza, nasi tulizungumza ndani yake Kiswahili cha kukatakata. Wasomi walikuwa wanahangaika kukipa Kiswahili nafasi: wengine walitaka tuseme tarakilishi, wengine ngamizi, mtaani tukasema kompyuta na mjadala ukaisha wenyewe. Barua pepe ilishinda vizuri, tovuti pia. Pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam watu wa mradi wa Kilinux walitoa mwaka 2004 programu nzima ya ofisi kwa Kiswahili, wakaiita Jambo OpenOffice. Niliwahi kuiona kwenye mashine moja tu. Mwenye kafe alisema wateja wanaiogopa, kwa sababu walijifunza kompyuta kwa Kiingereza na sasa hawajui "hariri" iko wapi. Mtu anapotea nyumbani kwake mwenyewe! Lakini leo kijana anayefungua simu yake kwa Kiswahili hashangai hata kidogo, na kazi ya watu wale ilisaidia.

Mlango wa Toronto ulianza kufungwa bila mtu kutangaza. Facebook ilifunguliwa kwa kila mtu Septemba 2006, na ilipotufikia ilitaka jina lako la kweli, shule uliyosoma, picha ya uso. Tuliyatoa wenyewe, tena kwa furaha, kwa sababu wanafunzi wenzetu wote walikuwa humo. Simu nazo zikawa zaidi ya simu. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007 na kwetu mwaka 2008, na laini ikawa pochi, na pochi ni lazima iwe na mwenyewe. Usajili wa laini ukaanza mwaka 2009, ikaja sheria ya mawasiliano ya 2010, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na kanuni za 2018 zikaagiza hata intaneti kafe zifunge kamera na kuandika nani ametumia mashine ipi. Kafe yangu ya Sinza ilikuwa imekwisha kufa. Pale sasa wanauza viatu.

Sisemi kila hatua ilikuwa na nia mbaya. Jirani yangu alitapeliwa akiba ya mwaka mzima na mtu mwenye laini isiyo na jina. Ukimwambia yeye habari za uzuri wa kujificha atakufukuza. Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa, NIDA, iliundwa mwaka 2008 kutekeleza sheria iliyokuwa imekaa kabatini tangu 1986, na kitambulisho kile kimewasaidia wengi. Ninachosema ni kwamba, tofauti na mjumbe, mashine hii haina mahali pa kuandika "namfahamu".

Turudi sokoni Korogwe. Namba ya NIDA ya bibi ina tarakimu 20, na nane za kwanza ni tarehe ya kuzaliwa. Bibi haijui tarehe yake. Anachojua ni kwamba alizaliwa vita ya Hitler ikiwa imeshaanza, kwa sababu mama yake alimwambia hivyo. Mwandikishaji alimsikiliza, akapiga hesabu, akaandika Julai 1, 1939, yaani miezi miwili kabla ya vita yenyewe. Sasa hiyo ndiyo iko mwanzoni mwa namba yake milele. Nikajikuta nalinganisha. Mimi nilidanganya tarehe nikiwa na miaka 12 na mashine ikanifungulia dunia. Bibi hakudanganya kitu, akapewa tarehe ya uongo, na mashine ikamfungia kwa sababu kidole chake kimefanya kazi sana.

Jirani zetu Kenya walilifikisha jambo la namna hii mahakamani. Mpango wao wa Huduma Namba wa 2019 ulipingwa, miongoni mwa wengine, na Nubian Rights Forum, watetezi wa Wanubi ambao kwa miaka mingi wamekuwa wakihojiwa kupita wenzao kabla ya kupewa kitambulisho. Januari 2020 Mahakama Kuu iliamua kwamba mpango usiendelee bila kwanza kuwekewa utaratibu wa kisheria unaotosha. Mwezi uleule huku kwetu laini zilikuwa zinazimwa. Sheria yetu ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilikuja mwaka 2022 na kuanza kutumika Mei 2023. Inakupa haki ya kuomba taarifa zako zirekebishwe. Nimeisoma nikiwa na kosa la karani kwenye kitambulisho changu, na nimejiuliza kama niombe. Sijaomba. Baba yangu amezikwa kwa jina lile.

Na lile jina la kweli la babu? Mahali pekee lilipowahi kuandikwa ndani ya kompyuta ni ile anwani yangu ya uongo. Nilisahau neno la siri mwenyewe, miaka ikapita, na Yahoo Messenger ikafungwa Julai 2018. Ndiyo sababu nimekataa kuliandika hapa. Nitaliandika siku nikijua naliandika wapi.

Laini ya bibi hatukuiokoa. Kijana wa mwavuli alijaribu tena siku mbili zilizofuata, na wa mjini naye akajaribu, kisha shangazi akanunua laini mpya na kuisajili kwa dole gumba lake mwenyewe. Bibi anaitumia mpaka leo. Akimtumia mtu fedha, ujumbe unafika na jina la shangazi. Mwanzoni ilileta ugomvi: mchango wa msiba wa jirani aliotoa bibi uliandikwa daftarini kwa jina la shangazi, na mwaka mzima watu wakadhani bibi hakuchanga.

Kwa hiyo sasa ana utaratibu wake. Juzi alinitumia shilingi 10,000 ya nauli, niende nikamsalimie. Ujumbe ukaingia, jina la shangazi, namba ya muamala, saa na dakika. Sijamaliza kuusoma, simu ikaita.

"Umeipata?"

"Nimeipata bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Basi ni mimi."